Patil, Naik, Thakor: vyeo vya kurithi vya Wakoli

Wakoli ni jamii kubwa ya magharibi mwa India, hasa Maharashtra na Gujarat. Wengi huwajua kama wavuvi wa Mumbai, ila wale wa tawi la Mahadev, kwenye milima ya Sahyadri, walikuwa wakulima na walinzi wa ngome. Vyeo vyao vya kurithi havikuwa sifa tupu. Cheo kilikuwa kazi, na kazi ilikuwa na shamba lake.

Chukua patil, mkuu wa kijiji. Ndiye aliyekusanya kodi ya ardhi, huku hesabu zikiandikwa na karani aitwaye kulkarni, ambaye kwa kawaida alikuwa Brahmin, yaani wa tabaka la makuhani. Malipo ya patil yalikuwa ardhi isiyotozwa kodi, au inayotozwa kidogo. Juu ya hapo alikuwa na haki ya kutangulia: siku ya Pola, sikukuu ya fahali, fahali wake aliongoza msafara, na siku ya Holi, sikukuu ya Wahindu ya kuwasha moto, sadaka ya nyumba yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutiwa motoni. Mambo madogo hayo, lakini koo ziligombana vikali kwa ajili yake.

Kazi, ardhi na heshima kwa pamoja huitwa vatan. Vatan iligawanyika kati ya warithi, na hata sehemu yake iliweza kuuzwa, ndiyo maana kijiji kimoja kiliweza kuwa na mapatil wawili. Hapo ndipo kesi zilipoanzia.

Naik alikuwa mkubwa wa watu wenye silaha, akilinda bonde au njia ya mlimani. Leo katika jeshi la India neno hilo ni cheo cha koplo. Thakor ni wa Gujarat, mwenye kijiji au vijiji kadhaa. Raja, yaani wafalme, walikuwa wachache. Mfano maarufu ni ukoo wa Mukne wa Jawhar, ambao mtawala wake alitambuliwa na Sultani wa Delhi mwaka 1343. Dola ya Jawhar iliunganishwa na India mwaka 1948.

Katiba ya 1950 iliikataza serikali kutoa vyeo vya namna hiyo, na sheria ya Maharashtra ya 1962 ikaondoa upatil wa kodi. Kilichobaki ni jina la ukoo, na hapo wengi hukosea: watu wa jamii nyingine, kama Wamaratha na Waagri, nao huitwa Patil. Anayetafuta asili ya familia aulize kwanza kijiji na jamii, jina baadaye.