Mshipi wa kusuka ni nini, na unachaguliwaje kwa samaki wakubwa wa baharini

Ukimwomba mvuvi wa Dunga, hapa Kisumu, akupe mshipi, atakuletea nailoni: uzi mmoja mzima, unaong'aa, unaovutika kidogo ukiukaza. Mshipi wa kusuka ni kitu kingine. Ni nyuzi nyembamba sana zilizopishanishwa kama msusi wa Kibuye anavyosuka nywele, isipokuwa msusi hushika mafungu matatu, na mashine ya mshipi hushika manne, manane, hata kumi na mawili. Malighafi yake ni polithini, jamaa ya ile mifuko iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2017, ila molekuli za hii ni ndefu mno na zimenyooshwa kuelekea upande mmoja. Nguvu yote imetoka hapo. Majina Dyneema na Spectra unayoyaona kwenye pakiti ni ya nyuzi hizo, na herufi PE ni kifupi cha polithini.

Mvuvi wa bahari kuu anaupendea wembamba kwanza. Mshipi wa kusuka wa paundi 50, yaani unaohimili mvuto wa kilo 22 na ushei kabla ya kukatika, una unene wa milimita 0.36 hivi, karibu sawa na nailoni ya paundi 12. Kwa anayevua ngege hilo halina uzito. Kwa anayemfuata jodari kule Watamu au Shimoni, ndilo suala zima. Jodari akinaswa huelekeza kichwa chini akazama, na huenda akaondoka na mita mia kadhaa za mshipi kabla hujakaa sawa. Rili, yaani gurudumu la kuzungushia mshipi, ikijazwa nailoni ya nguvu hiyohiyo ingebaki tupu mapema.

Sifa ya pili ni kwamba hauvutiki, au tuseme unavutika asilimia tatu au nne tu, ilhali nailoni inaweza kurefuka kwa robo. Ukiwa umeteremsha chambo mita 80, utamsikia samaki akikigusa tu. Lakini sifa hiyo ina ubaya wake. Nduwaro anaporuka akitikisa kichwa, hakuna kinachopunguza mshtuko, na ndoana inaweza kuchana mdomo ikatoka. Ndiyo maana mashua nyingi zinazokokota chambo kuwatafuta nduwaro na sulisuli huweka mshipi wa kusuka chini ya rili kama akiba, kisha nailoni juu yake. Anayekuambia nailoni imepitwa na wakati hajavua huko.

Sasa namba. Wengi huanza na uzito wa samaki, nao ni mwanzo mbaya. Samaki wa kilo 40 hahitaji mshipi wa kilo 40, kwa sababu humnyanyui hewani; anaelea, na breki ya rili inamwachia mshipi pole pole. Breki hiyo kwa kawaida hukazwa kwa theluthi moja hivi ya nguvu ya mshipi. Kwa hiyo jiulize: nahitaji breki kali kiasi gani? Maji yakiwa wazi, bila mwamba, paundi 50 zinaweza kutosha hata kwa samaki mkubwa, mradi rili ina mshipi mwingi nawe una subira. Karibu na matumbawe hesabu inageuka. Kolekole mkubwa au chewa atakimbilia pangoni mwake, nawe una sekunde chache za kumzuia. Hapo nenda paundi 80 au 100.

Kuhusu mafungu, manane hutoa mshipi wa mviringo, laini, unaoruka mbali ukirusha. Manne ni wa bei nafuu na hukwaruza pete za ufito ambamo mshipi hupita. Mimi ningelipia manane kwa kurusha na kubaki na manne kwa kuvua chini.

Usiufunge ndoana moja kwa moja. Mshipi wa kusuka ukisuguliwa na tumbawe huku umekazwa, hukatika upesi, kwa hiyo mbele yake hutangulizwa mita chache za nailoni nene au fluorokaboni, aina nyingine ya mshipi wa uzi mmoja. Fundo la kuunganisha viwili hivyo lataka kujifunza, maana polithini inateleza na fundo la kawaida hufumuka. Wavuvi wengi hutumia fundo la FG, ambalo mshipi unaizungukia nailoni kwa kupishana bila nailoni yenyewe kukunjwa. Hata kwenye rili, anza na mizunguko michache ya nailoni. La sivyo, mshipi wote utazunguka juu ya chuma, nawe utadhani breki imekufa.

Na kwa sisi tuliozoea kuvuta mshipi kwa mkono ziwani: huu usiuzungushe kiganjani. Mimi nilijaribu, na kovu liko kwenye kidole cha shahada mpaka leo. Mbuta mwenyewe alikuwa wa kilo nne.