Kelele kuisha si gari kupona

Wiki hii limekuja gari jingine lililonyamazishwa kwa oili nzito. Toyota IST, injini ya 1NZ, imejazwa oili namba 40 na juu yake kopo zima la ile dawa ya kunenepesha oili. Mwenye gari ana furaha kabisa: "Fundi, ilikuwa inagonga, sasa imetulia. Nimekuja kwa ajili ya breki tu." Nikamwambia, bosi, breki tutafanya, lakini hiyo oili inatoka leo. Akanitazama kama vile nimemwomba rushwa.

Naandika hapa mara moja ili nisiendelee kubishana na watu hapa gereji, Unga Limited, Arusha, nikiwa na grisi hadi viwikoni.

Konrodi ni mkono unaounganisha pistoni na krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka chini ya injini; kati ya beringi yake ya chini, yaani bigi endi, na krenki pana nafasi ndogo sana. Kwa zile injini za 4A na 5A za Corolla na Carina za zamani ni milimita 0.02 hadi 0.05, na ikifika 0.08 kitabu kinasema badilisha. Nafasi hiyo inajazwa na oili yenye presha, kwa hiyo krenki ikizunguka haigusi beringi, inaelea. Beringi ikilika nafasi inapanuka, oili inakimbilia pembeni, presha inashuka, na kila plagi inapochoma konrodi inashuka na kupiga chuma kwa chuma. Ndiyo ile ko-ko-ko. Ukiweka oili nzito haikimbii upesi, pigo linapungua nguvu, sauti inazama. Nafasi iko vilevile ulivyoikuta. Inaendelea kupanuka, ila sasa umemziba mdomo shahidi.

Halafu kuna hii ya namba, ambayo inanichosha kuliko zote. Watu wanaamini namba 40 ni "ngumu" kuliko 15W-40. Injini ikishapata moto, zote mbili ziko kwenye daraja moja. Ile 40 inapimwa oili ikiwa na nyuzi joto 100. Tofauti yao iko asubuhi. Namba 40 tupu haina W, maana yake hakuna aliyeahidi itakavyotiririka kukiwa na baridi. Sasa wewe unakaa Sakina, hapahapa Arusha, ni Julai, saa kumi na mbili asubuhi, umevaa koti na kofia ya sufu, unawasha injini ambayo Toyota waliitengenezea 5W-30. Oili iko chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, inavutwa kwa shida, na juu kemshafti, zile zinazofungua valvu, zinazunguka kavu. Mchana, gari likiwa la moto, hiyo namba 40 haikupi chochote ambacho 15W-40 isingekupa. Umeharibu asubuhi bure.

Na kwenye 1NZ si beringi peke yake. Tenshena, yaani kikaza cheni, ya cheni ya taimingi inasukumwa na presha ya oili. VVT-i, mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka, nayo inaendeshwa na oili hiyohiyo, inapita kwenye valvu ndogo yenye kichujio chembamba. Ukiipa uji, cheni inalia kila ukiwasha, taa ya injini inawaka, unarudi kwangu kulalamika kwamba IST ni gari bovu.

Ile IST tulimwaga oili, tukaweka 5W-30, kelele ikarudi palepale. Tukachomoa soketi ya koili ya silinda moja baada ya nyingine, pamoja na soketi ya injekta yake, maana petroli isiyoungua inaenda kuua katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye eksozi. Silinda ya tatu ilipozimwa, mlio ukapungua sana. Tukashusha sampu. Beringi ya tatu ilikuwa imeanza kuonyesha shaba, lakini krenki ilikuwa bado laini, kucha haikwami. Beringi mpya, bomba la kuvutia oili likasafishwa, basi. Angekaa na namba 40 mpaka Desemba, akapakia familia kwenda Dar, tungekuwa tunazungumzia injini nyingine.

Sasa msinielewe kwamba kila kinachogonga ni bigi endi. Hapo kuna kosa la upande wa pili, na linafanywa na sisi mafundi. Mteja anakuja ameshaambiwa "imenoki, tafuta injini ya mtumba". Kwenye gari la otomatiki, ile sahani inayounganisha krenki na giaboksi ikipata ufa, au bolti zake zikilegea, inagonga kwa sauti ambayo ungeapa ni konrodi. Mlio mzito uleule, mwendo uleule wa krenki. Dalili zake: unausikia zaidi nyuma, injini inapokutana na giaboksi, mara nyingi unabadilika ukitoa N ukaweka D, na ukizima silinda moja moja hakuna inayoleta tofauti ya maana. Fungua kifuniko cha chini, mulika tochi, zungusha krenki kwa mkono. Puli ya krenki ni hivyohivyo: ina mpira katikati, mpira ukiachia, puli inacheza na kugonga. Chora mstari wa chaki kutoka ndani hadi nje, endesha, angalia kama mstari bado umenyooka. Kuna injini zinauzwa chuma chakavu mjini hapa kwa sababu ya puli.

Kabla ya hayo yote vua mkanda wa nje uwashe kwa sekunde chache. Kelele ikiisha, ni altaneta, tenshena ya mkanda au wota pampu, na umeokoa pesa. Usisahau gari linaunguruma bila wota pampu, kwa hiyo nimesema sekunde.

Haya, tapeti, vile vipande ambavyo kemshafti inavisukuma kufungua valvu. Kila "tik-tik-tik" ni tapeti. Kuna bwana kaja kuniambia fundi wake "amekaza tapeti" za 1NZ. Amekaza nini? Hakuna skrubu. Unapima nafasi injini ikiwa baridi, milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za kuingiza, 0.25 hadi 0.35 kwa za kutolea, na ikizidi unabadilisha tapeti yenyewe, ambayo ni kikombe, kwa kingine chenye unene tofauti. Kilichokazwa ni mfuko wa mteja.

Na hata kabla ya kufungua kava la juu, hakikisha si manifoldi ya eksozi inayovuja. Gasketi ikiungua au stadi, yaani bolti inayoishikilia, ikikatika, inatoa tik-tik safi kabisa kukiwa na baridi, halafu chuma kikitanuka kwa joto inanyamaza. Watu wanasema tapeti "zimepata oili". Wengine watakushauri utumie kasi ya mlio kutofautisha, kwa kuwa kemshafti inazunguka mara moja krenki ikizunguka mara mbili. Ni kweli, lakini silinda moja nayo inatoa moshi mara moja kwa mizunguko miwili ya krenki, kwa hiyo kasi inakuwa ileile. Injekta nayo vilevile. Mimi natumia kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine naipitisha kando ya gasketi. Na natafuta masizi meusi.

Kuna mlio mwingine ambao si wa beringi wala tapeti: mkavu, wa haraka, unatokea ukikanyaga mafuta mlimani na kuisha ukiachia. Hapo mafuta yanalipuka vibaya ndani ya silinda, kwa sababu ya kaboni, taimingi ya plagi iliyosogezwa mbele, joto kupita kiasi, au petroli mbovu. Watu wa Arusha hili huwachanganya, kwa sababu huku juu, karibu mita 1,400, hewa ni nyepesi na silinda haijai sana, kwa hiyo gari linakaa kimya. Wakishuka Moshi, wakianza kupanda kutoka daraja la Kikafu, linaanza. Wanapiga simu wakidhani injini imekufa njiani.

Nikiri na mengine. Bisibisi ndefu sikioni inasaidia lakini inadanganya, chuma kinabeba sauti mbali na ilikozaliwa. Pistoni iliyolegea nayo hupungua mlio ukizima silinda yake, sawa na bigi endi. Kawaida ya kwanza hupoa gari likipata moto na ya pili huongezeka, lakini nimeona zisizofuata kawaida. Wakati mwingine sijui mpaka sampu ishuke, na fundi anayejua kwa kusikiliza kwenye simu simwamini. Pistoni inayogonga kidogo asubuhi inaweza kwenda miaka. Huwa namwambia mteja aiache, na usingizi sipotezi. Na Hiace mzee wa injini ya 3L anayekula oili, nikishapima presha, namwekea nzito kidogo mimi mwenyewe. Mpaka kati ya hilo na ninachokipinga hapa si mstari ulionyooka. Tofauti yangu ni geji. Ninafungua swichi ya oili, nafunga geji, nasoma presha injini ikiwa ya moto. Taa ya dashibodi haitoshi, inazimika kwa presha ndogo mno. Na usinionyeshe sumaku uliyochovya kwenye oili ukaikuta safi: uso wa beringi unaolika ni aluminiamu, shaba, risasi, bati. Sumaku haizishiki. Kata filta, tandaza karatasi yake juani, angalia chembe zinazometa.

Ukiwa unaleta gari lenye kelele, lilaze hapa gereji jioni ili asubuhi nilisikie la baridi. Usibadilishe oili siku moja kabla. Na kama umeshamwaga kitu ndani, njoo na kopo lake.