Nyumba za kale za Fife, Uskoti: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Culross Palace lilikuwa kasri la mfalme.

Jina ndilo linaloponza watu. Nyumba hii ya rangi ya manjano katika mji mdogo wa Culross (herufi l haitamkwi, wenyeji husema "Kuros") ni ya mfanyabiashara. Sir George Bruce aliijenga kati ya 1597 na 1611 kwa fedha za chumvi na makaa ya mawe, na mgodi wake ulipenya hadi chini ya bahari. Mfalme James VI alikuja kuutazama mwaka 1617, akaenda zake.

Utajiri wa Bruce unaonekana ukiinua macho: dari za mbao zimechorwa picha za mafumbo na maonyo. Hata hivyo, angalia madirisha. Nusu ya juu ni kioo, nusu ya chini ni vibao vya mbao vya kufungua na kufunga. Kioo kilikuwa ghali, hata kwa tajiri.

Dhana: jiwe tupu ndiyo sura halisi ya zamani.

Wapi! Kuta nyingi zilivalishwa lipu ya chokaa na kokoto, fundi akiirusha kwa mwiko hadi ishike. Lipu hiyo hunywa maji ya mvua, kisha upepo ukipita huyatoa. Aliyeibandua ili mawe "yapendeze" ameuvua ukuta koti lake. Anayepaka saruji amekosea zaidi: maji yakiingia kwenye ufa hayana pa kutokea, na majira ya baridi yakiganda, jiwe humeguka. Mkazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar aliyeona saruji inavyoyaumiza mawe ya matumbawe hahitaji maelezo marefu hapa.

Dhana: sheria inalinda uso wa nyumba tu, ndani ni shauri la mwenyewe.

Kosa hili linaweza kumfikisha mtu mahakamani. Historic Environment Scotland, taasisi ya umma ya Uskoti inayosimamia urithi wa kale, husajili majengo katika madaraja A, B na C, na ulinzi unagusa nje na ndani: ngazi, milango, mapambo ya dari. C nayo si daraja la kupuuzwa, kwani sheria ni ile ile. Kubomoa au kubadili tabia ya jengo bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai. Lakini kusajiliwa si kugandishwa. Jiko jipya au bafu huwezekana, ila omba kwanza, fundi aje baadaye.

Dhana: nyumba za namna hii hubaki kuwa makumbusho.

Nyingi wanaishi watu. Tangu 1960, National Trust for Scotland, shirika la hisani la kuhifadhi urithi, imekuwa na mpango wa nyumba ndogo: inanunua kibanda chakavu, inakikarabati, inakiuza, na fedha inayorudi inanunua kingine. Ndivyo zilivyookolewa nyumba za wavuvi katika miji ya pwani kama Pittenweem na Crail, zenye vigae vyekundu na kuta za pembeni zilizokatwa vidato kama ngazi kuelekea paa. Mnunuzi hupewa nyumba pamoja na masharti ya kulinda sura yake, na akiiuza, masharti hayaondoki naye: yanamngoja mwenye nyumba anayefuata.