Mteja wangu hujua kama nilimdanganya baada ya miezi sita

Muuza samaki akikuuzia samaki walioharibika, utajua kabla sufuria halijachemka, na kesho utarudi kumsuta. Mimi nauza mbegu na mbolea huku Mbozi, mkoani Songwe. Mvua zikianza Novemba unanunua na kupanda, kisha unasubiri. Ukweli kuhusu nilichokuuzia utaujua mwezi wa sita unapohesabu magunia. Na mwezi wa sita bado niko papo hapo. Watoto wetu wanasoma darasa moja, na msibani tunakaa mkeka mmoja.

Watu wa mjini hudhani duka la pembejeo ni duka tu kama la vipuri, na mambo ya kijamii ni sadaka mtu anayotoa akishapata faida: madawati mawili shuleni, jezi za timu, picha na mwenyekiti wa kijiji. Jezi nimewahi kununua, sikatai. Ila jezi hazijawahi kuniletea mteja hata mmoja. Walionijengea duka ni watu niliowazuia kununua.

Mzee mmoja wa kitongoji cha jirani alikuwa akichukua DAP, mbolea ya kupandia, kila msimu, mfuko kwa ekari, na mahindi yakizidi kupungua. Msimu mmoja akaja na fedha ya mifuko miwili kwa ekari. "Kijana wangu, ardhi imechoka, ongeza dawa." Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo tena, hebu kwanza tukaone shamba." Tukachukua udongo sehemu kadhaa za shamba, tukaupeleka ukapimwe. Ulikuwa na tindikali kali. Udongo wa namna hiyo huishika fosforasi, kirutubisho cha mmea kilichomo kwenye DAP, usiiachie mizizi, kwa hiyo hata ukimwaga mifuko mitatu, mmea unabaki na njaa. Mbolea zenye amonia, DAP ikiwemo, zikitumika miaka nenda rudi nazo huzidisha hiyo tindikali. Nikamshauri anunue chokaa ya kilimo ya kupunguza hiyo tindikali, na mbolea ya kupandia ajaribu Minjingu, ambayo fosforasi yake huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Chokaa ni mzigo mzito na faida yake ni kiduchu, hata vibarua wa kuishusha hununa. Msimu ule nilipata kwake pungufu ya nilivyozoea. Msimu uliofuata alikuja na shemeji zake wanne.

Kuna hesabu nyingine ambayo huwa naifanyia juu ya kaunta kwa vizibo vya soda. Ukipanda mahindi kwa sentimita 75 mstari hadi mstari na 60 shimo hadi shimo, mbegu mbili kila shimo, ekari moja inakuwa na mashimo karibu 9,000. Kila shimo linapata kizibo kimoja cha soda cha DAP, yaani gramu tano au zaidi kidogo. Zidisha: mfuko wa kilo 50 unatosha ekari. Anayeniambia mfuko wake umeishia nusu ekari namuuliza anapima kwa nini, na mara nyingi jibu ni kiganja.

Vibali sitavieleza sana. Mbolea iko chini ya TFRA, mbegu ziko chini ya TOSCI, viuatilifu viko chini ya TPHPA, zote taasisi za serikali, kila moja na masharti yake na ada yake. Linalomhusu mteja ni hili: kwangua lebo ya TOSCI kwenye pakiti ya mbegu na utume ile namba kwa simu ukiwa bado umesimama dukani. Muuzaji akikasirika, umeshapata jibu lako. Na mbolea ya kupimwa kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa usinunue, hata kama ni kwangu. Najua inauma kumwambia hivyo mama mwenye robo ekari na shilingi elfu kumi mkononi. Ndiyo maana nang'ang'ana na mifuko midogo ya kilo 5 na 10 iliyofungwa kiwandani, japo inakula nafasi stoo.

Sasa fedha, maana hapo ndipo maduka mengi yanapofia. Kahawa hapa huvunwa kuanzia katikati ya mwaka na malipo hupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Mahindi nayo huuzwa kipindi hichohicho. Novemba mbolea inapohitajika, mifuko ya watu imeshakauka: ada, harusi, bati. Ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/23 ilisaidia sana, kwani DAP iliyokuwa imepanda kupita laki moja ilishuka hadi 70,000 kwa mfuko kwa mkulima aliyeandikishwa. Lakini hata hiyo bei ya ruzuku lazima uwe nayo.

Mwanzoni nilikopesha. Msimu mmoja mvua zilikatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, na daftari langu la madeni likageuka orodha ya watu wanaopita njia ya nyuma ili tusionane. Hawakuwa wezi, walikuwa na aibu. Nilipoteza fedha na majirani kwa mpigo. Tangu hapo nimegeuza daftari: kuanzia Julai mteja ananiletea elfu tano, elfu kumi, naandika na yeye anaandika kwake, na fedha inakaa kwenye akaunti ya kikundi chao cha kuweka na kukopa, kwangu haikai. Ikifika Oktoba tunajua tuagize mifuko mingapi, na tunakodi lori moja badala ya kila mtu kuhangaika na bodaboda.

Bidhaa yenye faida ndogo kuliko zote dukani ni kichupa cha chanjo ya mdondo, ugonjwa unaoua kuku, ile iitwayo I-2. Ni tone moja jichoni, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Shida ni kwamba kichupa kimoja kinatosha makumi ya kuku, vingine mamia, na kikishafunguliwa hakiwekwi kisubiri wiki ijayo. Mama mwenye kuku wanane akinunua peke yake, dawa yote inayobaki inamwagwa, na kuku wa jirani wasiochanjwa wanabaki kuueneza ugonjwa. Kwa hiyo nilianza kuzunguka na kinamama wawili tukiandika kuku wa kila kaya, kitongoji kwa kitongoji, kila mmoja anachangia kulingana na idadi yake.

Mke wangu aliniuliza kwa nini najisumbua kwa faida isiyofikia hata bei ya soda. Jibu liko Novemba. Mume anasema fedha hakuna, mama anakamata majogoo watatu, anakwenda mnadani, jioni yuko kaunta kwangu anauliza bei ya mbegu ya mahindi ya UH 6303. Mdondo ukipita kiangazi ukafyeka banda, mbegu ile haiuziki.

Orodha ya chanjo ya mzunguko huu imeshajaa kurasa nne. Jumamosi tunaanzia kitongoji cha juu, saa kumi na moja alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa.