Je, wajua kwa nini riwaya ya mapenzi, mizimu na mauaji hupewa nyota tano na nyota moja kwa wakati mmoja?

Chukua riwaya moja tu. Binti karithi jumba kuukuu, kampenda kijana ambaye pengine ni marehemu, na mle jumbani aliwahi kuuawa mtu na muuaji hajulikani. Sasa soma maoni ya waliokwisha kuimaliza. Huyu katoa nyota tano na anakiri kwamba alilia. Yule katoa moja na anadai kapotezewa muda. Ukiwafuatilia vizuri utakuta wote wawili wanazungumzia kurasa zilezile za mwisho. Lugha ya mwandishi wameipenda, wahusika wamewapenda. Wanachogombea ni ahadi: kila mmoja alifungua kitabu akiwa na hakika kwamba kaahidiwa malipo fulani.

Na ahadi zenyewe haziivi chungu kimoja. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Uingereza aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi za upelelezi, alitoa amri kumi za utunzi huo. Ya kwanza yataka muuaji atajwe mapema katika hadithi. Ya pili yapiga marufuku nguvu zozote zisizo za kibinadamu. Mwaka mmoja kabla yake, Mmarekani S. S. Van Dine, mtunzi wa upelelezi naye, alikuwa ameorodhesha kanuni ishirini. Ya tatu inayafukuza mapenzi moja kwa moja, na ya nane inataka kosa lifumbuliwe kwa njia za kawaida, si kwa ramli wala kwa kuita mizimu. Upande wa pili, chama cha watunzi wa mapenzi cha Marekani, Romance Writers of America, kimeieleza riwaya ya mapenzi kwa mambo mawili: mapenzi yawe ndiyo kiini cha hadithi, na mwisho uridhishe moyo na kuacha matumaini. Basi mtunzi anayechanganya vyote hivi ameanza kwa kuvunja sheria za watu, na kila msomaji anakuja na sheria anazozipenda yeye.

Kwa wenzetu wa upelelezi, fumbo ni kama kitendawili. Umeshindwa, umetoa mji, mtegaji kaula; sasa ana deni la kukupa jibu ambalo ukilisikia unajipiga kofi la paji la uso, kwa kuwa lilikuwa mbele ya macho yako. Akikujibu kwamba ni jini ndiye aliyefanya, mji wako umeliwa bure. Msomaji wa mizimu yeye ana hofu tofauti kabisa. Anaogopa jibu litakuwa dogo kuliko fumbo.

Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1794 mtunzi Mwingereza Ann Radcliffe alichapisha jijini London riwaya ya juzuu nne, The Mysteries of Udolpho, aliyolipwa pauni 500, fedha nyingi sana kwa riwaya wakati ule. Ndani yake Emily anafungiwa katika ngome ya Montoni milimani Italia. Kuna kitu ukutani kimefunikwa pazia jeusi. Emily analiinua, anaona, anazimia. Msomaji haambiwi kaona nini! Zinapita sura baada ya sura, juzuu baada ya juzuu, na ni karibu na mwisho kabisa ndipo inapoelezwa kwamba nyuma ya pazia kulikuwa na sanamu ya nta: mfano wa maiti inayoliwa na funza, iliyowekwa pale ili mkuu mmoja wa zamani wa ukoo ule aitazame kama adhabu ya kutubia. Mtunzi anaongeza kwamba Emily angethubutu kutazama mara ya pili, hofu yote ingemwisha. Sauti za usiku nazo zina mwenyewe, mfungwa aliye hai, na chumba chenye mizuka katika jumba jingine kumbe ni njia ya maharamia.

Wasomaji waligawanyika tangu hapo. Jarida la Critical Review, mwaka huohuo, lililalamika kwamba udadisi umepandishwa juu mno hata hakuna jibu linaloweza kuutosheleza. Mtunzi wa Uskoti Walter Scott alimheshimu sana Radcliffe, lakini naye alizilaumu fafanuzi hizo kwa kuwa nyepesi kuliko hofu zilizozitangulia. Kwa upande mwingine, Jane Austen katika riwaya yake Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817, anamwonyesha msichana Catherine anayeisoma Udolpho, aliyefika kwenye pazia jeusi na kunogewa. Anakisia kwamba ni mifupa ya Laurentina, mwanamke aliyetoweka katika riwaya hiyo, na anamsihi rafiki yake asimwambie kwa vyovyote. (Kero ya kuharibiana utamu si ya jana, basi.)

Mhakiki Tzvetan Todorov aliupa mgawanyiko huu ramani mwaka 1970. Alisema hadithi ya ajabu huishi pale tu msomaji anaposita: hili ni la kawaida au si la kawaida? Jibu likitolewa, kwa upande wowote ule, kile kitekenyo kimekwisha. Ndiyo maana msomaji mmoja huomba aelezwe, na mwenzake huomba aachwe gizani.

Wasomaji wa Kiswahili walionjeshwa mchezo huu na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960, inaweka maiti kwenye mzimu, mahali ambapo watu wangekimbilia kuwalaumu wasioonekana, kisha inamleta mpelelezi Bwana Msa na rafiki yake Najum walitatue fumbo kwa akili. Kichwa cha kitabu kinanong'ona mizimu, ilhali hadithi yenyewe ni ya upelelezi mtupu. Nadhani hailaumiwi kama Udolpho kwa sababu Bwana Msa anaanza kupekua mapema. Msomaji anaelewa haraka amealikwa karamu gani.

Mzimu wa kweli ukiingia, mtego mkubwa ni huu: aliyeuawa anamjua aliyemuua. Kwa nini asimtaje ukurasa wa kumi, sote tukalale? Mtunzi stadi humwekea mipaka. Mzimu haukumbuki usiku wa kifo chake, au hauvuki kizingiti cha chumba, au sauti yake humfikia mtu mmoja tu asiyeaminiwa na polisi. Mpaka ukionyeshwa mwanzoni, kabla haujahitajika, wasomaji huukubali hata ukiwa wa ajabu. Ukizuka sura ya ishirini kwa sababu tu mtunzi kabanwa, hapo ndipo nyota zinapoporomoka. Vivyo hivyo na mzimu unaopenya kuta na kuwasikiliza washukiwa wakiteta: kazi ya upelelezi imekufa. Dawa yake ni kuacha mzimu udokeze tu, halafu aliye hai aende kutafuta kitu cha kushikika, kama ufunguo, barua au risiti ya duka la dawa.

Mapenzi nayo yana mlango mwembamba wa kutokea. Marehemu akirudi kuwa hai, wapenda mapenzi hushangilia na wapenda mizimu hununa, maana kifo kimekuwa kama homa. Wapenzi wakiagana, wa mizimu huridhika, wa mapenzi hudai wamedanganywa na jalada. Aliye hai akifa ili amfuate mwenzake, wapo wanaoona ni utamu wa mwisho na wapo wanaokitupa kitabu chini. Sijaona mwisho unaowatosha wote. Mtunzi huchagua atakayemuudhi, na picha ya jalada ndiyo ingepaswa kutuambia mapema ni nani.

Lipo lalamiko moja linalorudi kila mara: "Muuaji nilimjua mapema." Mara nyingi msomaji huyo hakuwa na akili kupita wengine, alipiga hesabu tu. Riwaya ya mapenzi ina watu wachache. Tuseme washukiwa wanne. Mmoja ni kijana anayependwa, na sheria ya mapenzi inamlinda. Hata akikutwa na damu mikononi, unajua atasafishwa. Wa pili ni yule mkali, mwenye kovu, anayeonekana mbaya tangu sura ya kwanza, naye msomaji mzoefu humfuta papo hapo. Wamebaki wawili: mpwa mpole anayeleta chai, na daktari wa familia.