Linux imegoma kuwaka baada ya kusasisha kerneli: dhana potofu na ukweli

Umesasisha Ubuntu jioni, asubuhi unakuta mistari myeupe kwenye skrini nyeusi, na wa mwisho umeandikwa Kernel panic. Haya ndiyo yanayosemwa sana wakati huo, na namna mambo yalivyo kwenye Ubuntu na Debian.

Dhana: Mfumo umekufa, piga fomati uanze upya.

Ushauri huu umewapotezea watu picha, tasnifu na hesabu za duka bila sababu yoyote. Kusasisha kerneli, yaani kiini cha mfumo, hakugusi /home, folda yenye mafaili yako. Kunaongeza faili mpya ndani ya /boot (vmlinuz na initrd.img zenye namba ya toleo) na moduli zake (draiva na vipande vingine vya kerneli) ndani ya /lib/modules. Kerneli uliyokuwa ukiitumia jana kwa kawaida bado ipo palepale.

Washa kompyuta. Nembo ya mtengenezaji ikitokea, gonga Esc mara moja kama mashine ni ya UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta), au shikilia Shift kama ni ya BIOS (ule wa zamani). Ukizidisha Esc utajikuta kwenye mstari wa grub>. Andika reboot ujaribu tena. Kwenye menyu ya GRUB, programu inayowasha kerneli, chagua Advanced options for Ubuntu, kisha toleo la nyuma yake. Mara nyingi kompyuta huwaka hapo hapo. Arch ni tofauti: kerneli mpya huifuta ya zamani, kwa hiyo anayeitumia aweke linux-lts (kerneli ya pili, ya msaada wa muda mrefu) pembeni mapema, kabla ya shida.

Dhana: Kernel panic maana yake diski imeharibika.

Usome mstari wenyewe kwanza. Ukiwa ni "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)", karibu kila mara kerneli imewaka bila initrd, ile faili yenye draiva za kuifikia diski. Zile sifuri mbili zinasema kerneli haikupata diski ya kuanzia. Initrd hukosekana au hukatika katikati kwa sababu mbili kubwa: /boot imejaa, au umeme ulikatika wakati wa kusasisha. /boot hujaa zaidi kwa waliosimba diski (walioifunga kwa nywila), maana hapo huwa patisheni ndogo ya peke yake, na initrd moja yenye draiva za NVIDIA huweza kuvuka megabaiti 100.

Ukishaingia kwa kerneli ya zamani:

df -h /boot
uname -r
dpkg -l 'linux-image-*' | grep ^ii

Ondoa kwa sudo apt purge matoleo ya zamani tu. Lile lililotajwa na uname -r usiliguse. Kisha:

sudo dpkg --configure -a
sudo update-initramfs -c -k NAMBA
sudo update-grub

NAMBA ni toleo jipya kwa ukamilifu wake, pamoja na -generic. Kama initrd yake ipo ila imekatika, tumia -u badala ya -c. Kabla ya kuzima, piga ls -lh /boot ulinganishe ukubwa: initrd mpya ikiwa ndogo mno kuliko ya zamani, bado haijakamilika.

Kuna wanaofuta faili za /boot kwa rm. Nafasi hupatikana, lakini dpkg, kisimamizi cha vifurushi, huendelea kuamini kerneli ile ipo, na hitilafu hurudi kwenye masasisho yajayo.

Dhana: Skrini ikibaki nyeusi, kerneli mpya ni mbovu.

Kwa wenye kadi za NVIDIA, kwa kawaida draiva ndiyo haikujengwa kwa ajili ya kerneli hiyo. Kwenye menyu ya GRUB simama juu ya toleo jipya, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, ongeza nomodeset baada ya quiet splash, kisha F10. Badiliko hili ni la safari hiyo moja tu, kwa hiyo usiogope kujaribu. Ukiingia, piga dkms status, amri inayoonyesha draiva imejengwa kwa kerneli zipi. Toleo jipya lisipoonekana:

sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
sudo dkms autoinstall

Likionekana na skrini bado ni nyeusi, angalia mokutil --sb-state. Secure Boot (ulinzi unaokagua saini wakati wa kuwasha) ikiwa imewashwa, kerneli hukataa moduli ambayo saini yake haijasajiliwa.

Dhana: Hata kerneli ya zamani ikigoma, hakuna njia tena.

Ipo. Washa kwa fleshi ya Ubuntu, piga lsblk -f uzijue patisheni zako, kisha uingie ndani ya mfumo wako kwa chroot (hapa sda2 ni mfumo, sda1 ni EFI, patisheni ya kuwashia):

sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt

Kama /boot ni patisheni ya peke yake, iunganishe kabla ya EFI, la sivyo utatengeneza initrd kwenye folda tupu. Usiiache run: /etc/resolv.conf ya Ubuntu huelekeza huko, na bila hiyo apt haitapata mtandao. Ndani ya chroot rudia amri za juu za kusafisha /boot na kutengeneza initrd, ila uname -r hapo inataja kerneli ya fleshi, usiitegemee.

Diski iliyosimbwa hufunguliwa kwanza kwa cryptsetup open, na jina unaloipa lazima lilingane na lililo kwenye /etc/crypttab. Lisipolingana, initrd mpya huenda ikakosa maelekezo ya kuifungua diski, na ukiwasha utarudi ulipoanzia.

Dhana: Dawa ni kuacha kusasisha kerneli.

Masasisho hayo ndiyo yanayoziba mianya ya usalama. Toleo moja likikusumbua, tumia sudo apt-mark hold linux-image-generic linux-headers-generic linux-generic kwa muda, na toleo linalofuata likitoka, rudia amri hiyo ukiweka unhold badala ya hold.