Mhimili usiobeba kitu

Juzi tena, kwenye presentesheni moja ya utafiti hapa Kampala, dada mmoja kaonyesha picha ya vidoti vya vyakula, matoke huku, posho kule, muhogo pembeni, gonja, zile ndizi tamu, juu kabisa peke yake, akasema "mhimili wa kwanza ni utamu, wa pili ni bei," yaani mstari wa kulala na wa kusimama wa picha. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikanyamaza, ila jamani nimechoka.

Picha ile ilichorwa kwa skelingi ya dimensheni nyingi (multidimensional scaling). Haraka haraka: unawauliza watu vitu viwili viwili vinafanana kiasi gani, halafu kompyuta inavigeuza vidoti, vinavyofanana vinakaa karibu, visivyofanana vinakaa mbali. Basi. Kuna na namba ya mwanatakwimu Kruskal ya 1964 inayosema picha imekosea kiasi gani, inaitwa stresi (na hapana, siyo ile ya msongo wa mawazo), 0.05 ni nzuri, ikifika 0.2 ni mbaya.

Shida naona inaanzia kwenye neno. Mhimili ni ule mti unaobeba paa, linatoka kwenye kuhimili, ung'oe uone nyumba itakavyokuja chini. Kwa hiyo mtu akisikia mhimili anajua lazima kuna mzigo juu yake, anaanza kuutafuta. Hapa haubebi chochote! Programu nyingi zinailaza picha pale vidoti vilipotawanyika zaidi, ni mazoea tu, mzigo wote uko kwenye umbali wa kidoti na kidoti.

Mimi nilishajaribu na umbali kati ya miji ya Uganda, Kampala, Jinja, Mbale, Gulu na Mbarara. Gulu ya kaskazini ikatoka chini, Mbale ya mashariki ikatoka kushoto, jamaa niliyekaa naye akacheka eti tumeihamishia Gulu Tanzania. Lakini Kampala na Jinja bado majirani, Gulu na Mbarara bado hawaonani. Izungushe utakavyo, ramani ni ileile, na kaskazini inaweza kulala mshazari. (INDSCAL ya Carroll na Chang, 1970, aina nyingine ya skelingi inayozingatia tofauti za mtu na mtu, hiyo haizungushwi ovyo, ila dada hakuitumia.)

Utamu nao unaweza kuwemo, umelala mshazari vilevile. Waulize watu pembeni kila chakula kitamu kiasi gani, uone alama zinapanda kuelekea wapi. Kwa hiyo dada yangu, kazi yako nzuri tu, futa ile ya mhimili uandike "utamu unaongezeka kuelekea kwenye gonja," halafu chora mshale.